Jina Nililolitaja Kwenye Maombi

Kamati ya sherehe iliniandikia kwa simu, kwa heshima zote. "Shalom Mama Damari. Wewe ndiye mama wa maombi wa ushirika wetu. Tunakuomba utupe ushuhuda wa ile miaka ya mwanzo, dakika chache tu kabla ya chakula." Niliusoma ujumbe huo nimesimama jikoni kwangu hapa Kensington, Johannesburg, birika mkononi. Wale tulioanza ushirika wa Waswahili kwenye sebule moja kule Troyeville tunakutana tena baada ya miaka mingi. Wengine wanatoka Nairobi, wengine Kanada, na vijana wa kamati, ambao Kiswahili wanakielewa lakini ukiwasemesha wanakujibu Kiingereza, wamesikia kwa wazazi wao kwamba palikuwa na dada mmoja akipiga magoti mpaka madirisha yanatetemeka. Dada huyo ni mimi. Hawajui kwamba nikiitwa mama wa maombi natamani ardhi ipasuke inimeze. Nilikaa na simu yangu, chai ikapoa, na niliyemfikiria hakuwa hata mmoja wa hao wanaokuja. Nilimfikiria mwanamke ambaye kamati haikumwalika, kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba aliwahi kuwepo. Hapa nitamwita Noela. Si jina lake.

Mwaka ule nilikuwa msichana wa ofisi, nimeletwa Johannesburg na kampuni ya wahasibu, nina suti mbili nzuri na Biblia ya kufungwa zipu. Nilipanga chumba kwa Noela, fundi cherehani kutoka Uvira, Kongo, ambaye alikuwa amekodi nyumba nzima ya zamani na kupangisha vyumba ili aweze kuimudu. Dari ilikuwa ya bati lenye maua, limepakwa rangi mara nyingi mpaka maua yenyewe yamekuwa mavimbe tu. Sakafu ya mbao ililia kila ukikanyaga, kwa hiyo hakuna aliyeweza kwenda msalani kwa siri. Cherehani ilikaa kwenye chumba cha kulia, na chakula tulikila jikoni, tumezungukwa na vipande vya vitambaa ambavyo Noela alidai vyote vina kazi. Alikuwa amenizidi umri, nikamwita yaya, dada mkubwa kwa lugha ya kwao, kama walivyomwita wenzake. Yeye aliniita Mukenya. "Weye Mukenya," alikuwa akiniambia asubuhi, "unakunywaka chai kama mutu anajaza tanki." Alikuwa na mdomo, jamani! Alimsema mwenye nyumba, alimsema mchungaji wa redioni, aliwasema wateja wake mara tu wakifunga geti. Suti zangu zilinuka mawese na samaki, na nilipolalamika aliniambia nizitundike barazani, huenda huko nje zitapata nafasi ya kuomba vizuri.

Kilichonishangaza ni watu wa barazani. Noela alipika sufuria moja kubwa, sombe ya majani ya muhogo siku nyingi, dagaa wa kwao aliowaita ndagala akipata, na bugari, ugali wa muhogo, na jioni ngazi za mbele zilikuwa na watu. Palikuwa na gogo wa nyumba ya pili, bibi wa Kizulu aliyesema "eish" kila akionja pilipili na bado akasogeza sahani aongezwe. Palikuwa na fundi friji wa Tanga, Mwislamu, kijana mpole, ambaye Noela alimtengea sahani yake na kijiko chake bila kuulizwa. Palikuwa na wengine ambao majina yao sikuwahi kuyajua. Swali lake lilikuwa moja kwa wote: "Umekula?" Mimi nilipita katikati yao na Biblia yangu, nikisema samahani, samahani, nikienda kwenye mkutano. Siku moja nilimwuliza kama anawashuhudia wale watu. Akasema anawapatia chakula. Nikamwambia chakula nimekiona, yaya, lakini unawaambia habari za Bwana? Akaninyooshea mwiko. "Mutu mudomo umejaa," akasema, "atanijibu na nini?" Nilicheka, lakini moyoni niliandika kwamba dada huyu bado ni mchanga kiroho. Mimi, wa suti mbili!

Ushirika wetu ulikutana Jumamosi mchana kwenye sebule yake, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa kubwa. Walikuja Wakenya wa mabenki na magari yao, Wakongomani, Warundi, familia za Kitanzania mbili tatu, watoto wakipelekwa kucheza uani. Aliyeongoza alikuwa Mzee Elkana, Mkenya wa benki, mtu wa tai na wa huruma, na nasema wa huruma kwa sababu ni kweli. Kabla ya kuomba tulikuwa na desturi ambayo kila aliyekulia kwenye ushirika wa namna ile anaijua. Tunakaa kwa duara, na kila mtu anataja hitaji lake. Kazi, karatasi za uhamiaji, mama mgonjwa nyumbani. Kisha mmoja anayabeba mahitaji yote mbele za Mungu kwa sauti. Haikupita muda, mbebaji akawa mimi. Niseme ukweli, nilikuwa najua kuomba. Nilijua wapi pa kushusha sauti na wapi pa kuipandisha, nilijua kunyamaza mpaka mtu aanze kulia. Nikimaliza, kina mama walinishika mikono na kuniambia nina mzigo wa watu, nami niliinamisha kichwa kwa unyenyekevu ambao nilikuwa nimeufanyia mazoezi. Noela hakukaa kwenye duara. Tukianza mahitaji yeye yuko jikoni, sufuria yake haikuwahi kukubali kuachwa. Tukisema amina ya mwisho, mlango unafunguliwa na sahani zinatoka.

Jumapili moja tulikuwa tunachambua majani ya muhogo, yeye na mimi peke yetu, magunia miguuni. Nikamwuliza, kwa utani tu, kama kweli sombe haiwezi kujiangalia yenyewe nusu saa. Hakutania. Kiswahili chake sitaweza kukiandika chote kama alivyokisema, lakini haya nayakumbuka. "Mi siombi tena, Damari. Tangu nitoke kwetu. Nikifunga macho naonaka tu ile njia tulikimbiaka, na batu tuliacha kando ya njia. Kwa hiyo sifungi macho." Akaendelea kuchambua. Akasema huko nyumbani alikuwa mwimbaji wa kwaya, mama yake ndiye aliyemfundisha kuomba, na mama yake ni mmoja wa wale walioachwa kando ya njia. "Sina hasira na Mungu. Sina tu maneno ya kumupatia. Njo maana napika. Labda ananielewa kwa ile." Kisha akaniangalia, mara ya kwanza tangu aanze kusema. "Usiambie batu." Nikamwambia, yaya, hilo limekufa hapa hapa. Nikamshika mkono wenye utomvu wa majani. Na niliposema hivyo nilikuwa namaanisha, hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Sikudanganya wakati ule. Nilidanganya baadaye, kwa kupiga magoti.

Haikuwa hata wiki nyingi. Jumamosi ile walikuja wageni kutoka ushirika mkubwa wa Pretoria, watu walioheshimiwa, na Mzee Elkana alikuwa amewaambia habari zangu. Duara likazunguka. Kazi, karatasi, mama mgonjwa. Mahitaji ya kawaida kabisa, na mimi nimekaa nikiona jinsi maombi yatakavyokuwa ya kawaida. Mzee Elkana akauliza, "Kuna mwingine mwenye mzigo?" Hapo ndipo niliposimama. Natafuta mpaka leo mtu wa kumlaumu na sipati, hakuna aliyenisukuma. Nikasema, kwa ile sauti ya chini, "Wapendwa, naomba tumbebe dada yetu Noela, mwenyeji wetu hapa. Adui amemfunga kinywa. Hawezi kuomba tena. Ameniambia mwenyewe." Kisha nikapiga magoti, na niliomba siku ile kuliko siku zote. Nililia machozi, na yalikuwa machozi ya kweli. Wageni wa Pretoria walisimama mmoja mmoja. Katikati ya sentensi yangu nilisikia kwamba mwiko jikoni umenyamaza. Mlango ulikuwa wazi kidogo, kama kawaida, ili asikie amina. Nilijua anasikia, na sikuacha.

Watu wakasema aitwe. Mama mmoja akaenda kumleta kwa mkono, akaja na leso kichwani na mwiko mkononi, akasimamishwa katikati ya sebule yake mwenyewe. Mikono ikawekwa kichwani, mabegani, mgongoni. Mzee Elkana akamwambia kwa upole afuatishe maneno. Sema, Bwana, nafungua kinywa changu. Noela alikaa macho wazi muda wote. Hakufuatisha hata moja. Walivyozidi kupaza sauti ndivyo alivyozidi kunitazama mimi, na mimi ndipo nikafunga macho, nikajifanya naomba. Alipochoka akasema, "Chakula kinaungua," akatoka katikati ya mikono yao. Siku ile walikula kidogo, wengine hawakula kabisa. Juma lililofuata Mzee Elkana alikuja kumwambia, kwa huruma zake, kwamba wazee wameona apumzike kwanza. Asipike kwa ajili ya ushirika na asiandae meza ya Bwana, mpaka afunguliwe. Wakahamishia Jumamosi nyumbani kwa familia moja hapa Kensington. Wateja wake wengi walikuwa watu wa ushirika, na ghafla kila mtu hana nguo ya kushona. Jamaa zake wote wa karibu katika mji huu walikuwa watu wa sebule ile, na katika majuma machache tu sebule ikabaki na viti.

Kwangu alisema jambo moja tu. Nilikuwa nasuuza kikombe, akaja akasimama karibu. "Ile neno nilikupatia weye," akasema. "Sikupatia bale batu." Nikamwambia nilifanya kwa upendo, yaya, nilitaka ufunguliwe. Nikamnukulia na mstari. Akasikiliza mpaka mwisho, akaenda kwenye cherehani. Mwisho wa mwezi nilihama. Niliwaambia watu kwamba hewa ya nyumba ile ilikuwa imekuwa nzito kiroho, nao wakaelewa.

Baridi ya mwaka ule ilinikuta kwenye chumba cha uani hapa Kensington, na nikaugua nimonia. Walioishi Johannesburg mwezi wa Julai wanajua chumba kisicho na jua. Ushirika uliniombea, sitawasingizia. Simu yangu ilijaa jumbe. Mzee Elkana alikuja na kofia mkononi, akaomba akiwa mlangoni asije akaambukizwa, akarudi kazini. Walikuwa watu wa kazi, wanatoka asubuhi giza na kurudi giza, na kila mmoja aliamini mwenzake amepita kuniona. Nililala nimekauka mdomo, na nilijaribu kuomba zile sala zangu, nikaona hazina mtu wa kusikiliza isipokuwa mimi. Mchana mmoja mlango ukasukumwa bila hodi. Noela, na sufuria imefungwa taulo, ametembea nayo kutoka Troyeville kwa sababu teksi ingemwaga mchuzi. Hakunisalimu. "Umekula?" akauliza. Nikatikisa kichwa. Akaniinua, akaniegemeza kwenye ukuta, akaninywesha mchuzi wa kuku kwa kijiko, akinifuta kidevu kwa pindo la kanga. Alikuja kesho yake, na kesho yake tena, mpaka niliposimama. Alifua shuka zangu. Alisema chumba kinanuka, alisema mwenye nyumba wangu ni mwizi, alisema Wakenya hawajui kuugua. Lile jambo hakuligusa. Na mimi, aliyekuwa na maneno ya kila hitaji la kila mtu, sikuweza kusema nisamehe. Nilisema, "Mungu akubariki, yaya." Akacheka kweli kweli. "Anibariki sasa, ningali naosha masahani?"

Ningeweza kuishia hapo, na kosa langu lingekuwa moja. Lakini nilipopona nilisimama kwenye ushirika kutoa ushuhuda. Suti, Biblia, sauti. Nikawaeleza jinsi nilivyolala karibu na kifo, na jinsi Bwana alivyonikumbuka. Nilifika mahali pa kusema nani alikuja. Mzee Elkana alikuwa mbele yangu, na wale kina mama waliomwekea Noela mikono kichwani, na nikaona jina lile litakavyoiharibu hewa. Nikasema, "Bwana alinitumia malaika mwenye sufuria." Haleluya ilivyopigwa! Watu waliruka. Mama mmoja alikuja kunikumbatia akilia, akasema na yeye anamwomba Mungu amwonyeshe malaika. Malaika hana jina, hana kodi ya kulipa, hana wateja waliomkimbia, na hakuna wa kumwomba msamaha. Nilikaa chini nikaficha uso kwa Biblia, wakadhani ni upako. Siku ya kunyamaza nilikuwa nimelitaja jina lake, na siku ya kulitaja nikanyamaza, na kwa zote mbili nilipigiwa makofi.

Baada ya hapo miaka ilikwenda. Nikaolewa, nikapanda kazini, nikaitwa mama wa maombi. Kutoka kwangu mpaka Troyeville ni mwendo mfupi hata kwa mguu, na sikwenda. Niliwahi kumwona mara moja, nikiwa nimesimama na gari langu kwenye robot, kama taa za barabarani zinavyoitwa huku. Alivuka mbele ya boneti na mfuko wa vitambaa, nywele zimeanza mvi. Nilikazia macho ile taa nyekundu kana kwamba ndiyo iliyokuwa na shida, mpaka akapita. Jumapili iliyofuata niliwahubiria kina mama juu ya imani kuwa kama maji, ikikaa mahali pamoja inaoza, lazima itoke iwafikie wengine. Walinukuu kwenye daftari zao.

Basi ujumbe wa kamati ulipokuja, nilipata wazo, na niliona ni wazo la mtu aliyetubu. Nitasimama mbele ya wote, nitasema kila kitu, nitamwita Noela mbele, nitapiga magoti miguuni pake. Niliiona sherehe nzima kichwani, hata mahali pa kunyamaza. Nikaendesha gari mpaka Troyeville kumwalika. Nyumba ile aliiacha zamani, lakini fundi friji wa Tanga, sasa mzee mwenye ndevu nyeupe na duka lake pembeni, alinielekeza kwenye ghorofa mtaa wa pili. Noela alifungua mlango mwenyewe. Amepungua, amekuwa mdogo, anatembea kwa kushika meza na kisha kiti. Cherehani iko dirishani. Jiko liko chumba hicho hicho, na sufuria iko juu yake. Alinitazama kuanzia viatu mpaka kichwani. "Mukenya," akasema. "Unanenepa."

Nilikaa. Nikamwambia niliyoyafanya, yote mawili, kwa mara ya kwanza kwa mdomo wangu. Nikalia. Alikuwa akikoroga. Akasema lile la malaika alilisikia wakati ule ule, mji huu una masikio. Akasema alinikasirikia miaka mingi, alikuwa akishona huku ananikasirikia, na kuna nguo za watu huko nje zina hasira yake juu yangu kwenye mishono. Nikamwuliza, sasa yaya, nilipougua kwa nini ulikuja? Akashangaa swali lenyewe. "Ulikuwa na njaa." Nikafuta macho nikamweleza mpango wangu. Sherehe, ukumbi, magoti. Nilimweleza vizuri. Nilipomaliza alikuwa ameacha kukoroga, kama siku ile.

"Unataka kusimama tena," akasema polepole, "mbele ya batu, na jina langu mudomoni?"

Nilikaa pale mwanamke mzima, nimefunuliwa, kwa kuwa ilikuwa ni vile vile kabisa. Hata toba yangu nilikuwa nimeishonea suti. Nikasema, basi nifanye nini, yaya? Niambie. Akafunika sufuria, akaizungushia taulo, akafunga fundo.

"Juu kule, mulango wa kijani. Iko binti wa Burundi, amezaa juzi, hana mutu. Mi ngazi zinanishinda sasa. Mupelekee." Nikaipokea. Ilikuwa nzito na ya moto, ikaniunguza kifua kupitia blauzi. Nilikuwa nimefika mlangoni aliponiita tena. "Damari. Usimuombee. Akule kwanza."

Kamati nimewaandikia kwamba ushuhuda sitautoa, watafute mwingine, na sikueleza sababu. Naandika haya na bado naogopa kwamba na hii ni njia nyingine ya kusimama mbele ya watu, ndiyo maana jina nimelibadilisha. Msamaha wake sijui kama ninao. Hakusema, na sikuthubutu kuuliza. Kila anapopika napanda ngazi zile nikihema, na siku ya kwanza nilipanda nikipumzika kila baada ya hatua chache, nikijaribu kutotunga sala. Nilibisha mlango wa kijani kwa kiwiko. Akafungua msichana mdogo, mtoto begani, macho mekundu ya kukosa usingizi, akarudi nyuma kidogo alipoona suti yangu.

"Umekula?" nikamwuliza.

Akatikisa kichwa. Akaiangalia sufuria, kisha mimi, akaniuliza nani amenituma. Na mimi, mama wa maombi, nikaitua sufuria kizingitini. Kisha nikamtajia jina lake, lile la kweli.